Kreni ya Marehemu Elijah Mugo Kabiru

Familia imemwomba Njoroge, mdogo wa marehemu, aisome historia hii kwa upole, naye amesema atajaribu.

Marehemu Elijah Mugo Kabiru alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Karatina, akiwa kifungua mimba wa Mzee Kabiru na Mama Wangui, akasoma hapo hapo mpaka kidato cha nne, kisha akajifunza ufundi wa mitambo mjini Nairobi, akahitimu mwaka wa 1973.

Mwaka wa 1976 alihamia hapa Birmingham, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kiwanda cha vifaa vya kuchezea cha Pellow na Wanawe, ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia, na hilo ndilo lililomkera mpaka kufa kwake, maana watoto wa enzi zile walilala na vipande vya Pellow chini ya mito, vyuma vyembamba vya bluu vyenye matundu, pamoja na bolti na nati zake, mtoto akajiundia mwenyewe daraja, gari, chochote. Marehemu na mwenzake Jagjit, ambaye tuko naye hapa, waliunda modeli kubwa za kuwekwa kwenye madirisha ya maduka. Ijumaa ya tarehe 28 Septemba 1984 walikuta geti limefungwa kwa mnyororo, bila hata kwaheri, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, na kilichobaki ni modeli moja, kreni ya kuinulia mizigo, ambayo marehemu alikuwa ameipeleka nyumbani Kingstanding kuirekebisha, na hakuna aliyekuja kuiulizia.

Alikuwa amemwoa Truphosa tarehe 7 Aprili 1979, wakajaliwa Audrey mwaka wa 1981 na Mark mwaka wa 1985, akawalea kwa kazi ya udereva wa basi, na kila likizo alikwenda kwenye makumbusho kuwaeleza wahusika habari za Pellow. Mara akaambiwa kampuni ilikuwa ndogo mno, mara nafasi hakuna, mara akaulizwa yeye kayajulia wapi hayo. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akachukua spana akakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Oktoba mwaka huu, akiwa tayari amelazwa kwa ugonjwa wa figo, watu wa makumbusho walimpigia simu kwamba wataichukua kreni, gari litakuja Jumatatu tarehe 1 Desemba, naye akacheka mpaka muuguzi akaja mbio kuona kuna nini. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, Truphosa akiwa amemshika mkono.

Hapa ndipo upole wa msomaji unapomwishia. Jumanne iliyofuata watu wa ushirika wa kanisa letu walikuja kuandaa sebule kwa maombi ya jioni, kama ilivyo desturi yetu, viti vikahitaji nafasi, kreni inagusa dari na haipiti mlangoni ikiwa imesimama, basi wakaifungua, yote, huku wakiimba, wakapangusa kila kipande na kukiweka kwenye mikebe ya aiskrimu kulingana na urefu wake, bila kupiga hata picha moja, halafu wakamwambia Truphosa, "Mama Audrey usijali, tumeipack vizuri, hata bolti moja haijapotea." Michoro haipo, kiwanda hakipo, aliyeijua hayupo, na Jumatatu yenyewe ni keshokutwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kingstanding, madereva wenzake, na ushirika, ndiyo, hata ushirika, kwa sababu mlifanya kwa upendo, na hilo ndilo linalotukasirisha zaidi, kwamba hatuna wa kumgombeza. Jagjit anakumbuka kitako tu, kwingine kote ni nyinyi mnaokumbuka, kila mmoja alichokifungua kwa mkono wake, kwa hiyo tukitoka makaburini hakuna kwenda makwenu, sote ni sebuleni kwa Truphosa, aliyefungua mwisho ndiye atakayeanza kufunga, na dada Kerubo, uliyetoa ndoano kabla ya wote, utairudisha baada ya wote.

Mugo, umekereka vya kutosha, sasa pumzika kwa amani, spana tunazo.