Mpira wa Lori Kwenye Bisi ya Gatumba

Mbele yangu mwanaume mmoja alikuwa amepakata mpira wa ndani wa gurudumu la lori, umejaa upepo, katikati umeshonewa kiti cha turubali. Mama aliyekaa kando yake, ambaye kikapu chake kilinuka samaki, akamuuliza ni wa nini.

"Wa kuvua sangala, mama. Nashuka Rusizi, nakaa ndani, miguu inapiga maji, naenda."

"Miguu mu maji ya Rusizi, baba? Kaka yangu Musafiri alifanya hivyo. Leo iko na mguu moja, ingine mamba alikula. Tafuta kayaki, miguu ikae ndani!"

"Patron, bosi wangu, alitaka kunipa kayaki yake, nikakataa. Kiboko anaipindua mara moja, na mi sijue kuogelea. Mupira haipinduke."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, nikasubiri jibu. Nilisoma shule ya usiku miaka sita, na huko tulifundishwa kwamba anayenyamaza ameshindwa. Mama alinyamaza. Lakini mkono wake uliteremka chini ya mpira, na ukucha ukabonyeza valvu. Injini ilifunika sauti ya upepo uliokuwa ukitoka.

"Una watoto?" akauliza.

"Watatu."

"Niambie majina yao," akasema, bila kuondoa mkono.

Mwanaume, aliyekuwa na hadithi ndefu kwa kila jina, alikuwa kwenye la tatu bisi iliposimama Rusizi. Akainuka, mpira ukamning'inia begani kama shuka lililolowa.

"Nani ametoa upepo? Mzee, we ulikuwa nyuma. Haukuona?"

"Nilikuwa nasoma," nikamjibu.