Evald Norrby na Injini Aliyoitoa Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa ukumbini kunywa kahawa ya kumuaga baba, mimi Ylva, mtoto wake wa pekee, nimeombwa na mama nisome maisha yake, na kabla sijaanza niseme kwamba lipo jambo moja ambalo nimejaribu kulifumbua tangu utotoni nikashindwa, nalo ni kama baba alikuwa mtu asiyeweza kuchagua, au aliyechagua mapema sana na hakutaka tujue.

Marehemu Evald Norrby alizaliwa Mariestad tarehe 3 Machi 1946, akasoma huko huko hadi alipoingia shule ya ufundi ya Skövde mwaka 1960, akahitimu mwaka 1963, kisha akaajiriwa hapa Lidköping katika kiwanda cha mashine, kitengo cha upimaji, ambako kazi yake ilikuwa kukataa chuma chochote kilichozidi au kupungua kwa unene wa unywele, na aliifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mama yangu, Gunvor, aliyekuja na masanduku mawili na Volvo nyekundu ya michezo ya mwaka 1966, gari alilojinunulia kwa mshahara wake wa kuunganisha simu, na ambalo kila mwezi aliliendesha kusini hadi Ystad kumwona dada yake Solveig, ambaye viungo vyake vilikuwa vikikakamaa, na hata baada ya mimi kuzaliwa tarehe 2 Februari 1979 safari hizo hazikukoma, ila nilikaa kiti cha nyuma nikiimba.

Mnamo Mei 1988 vidole vya Solveig vilishindwa hata kufunga vifungo vya nguo, mama akasema atakwenda kukaa naye majira yote ya joto, na Jumamosi iliyofuata baba akaitoa injini ya gari lile, akaiweka juu ya benchi, akamweleza mama kwa upole kwamba imechoka, na kwamba hawezi kuirudisha kabla hajaamua kama aipanue, yaani achonge silinda zake ziwe pana na kutia pistoni kubwa, au aibadilishe kabisa kwa nyingine yenye nguvu.

Alikuwa na hoja, nami siwezi kuzidharau, kwa sababu ukuta wa silinda ukishachongwa kupita kiasi haurudi, na gari lililotiwa injini ngeni hupoteza namba zake za asili na wenye kulijua hawalihesabu tena kuwa gari lile lile, basi mwaka ukapita akipima, na wa pili, na jirani yetu Göte Hedlund akawa anachungulia juu ya ua akisema, "Evald bwana, ng'ombe umeshamtoa maini, sasa unangoja azae?" naye baba akijibu, "Wewe Göte, mwenye haraka huchonga mara moja akalia maisha yake yote."

Mama alipomwambia, "Evald, lile ni gari langu," alimjibu, "Letu, mke wangu, tena treni ipo," na kweli treni ilikuwepo, ya kushuka na kupanda nyingine mara tatu, na mama aliipanda mara mbili, ya pili ikiwa Novemba 1996, kwenda kumzika Solveig, na aliporudi alimkuta baba kwenye benchi na kipimo chake mkononi, akamwuliza kama chakula cha msibani kilitosha.

Sisemi kwamba alikuwa mkatili, maana aliipaka injini ile mafuta kila vuli ili isishike kutu, na mtu hatunzi hivyo kitu anachokichukia.

Mwezi Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hadi dawa zilipoacha kufanya kazi, na siku yake ya mwisho mama, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia hata akanyang'anywa leseni, aliinama akamwuliza, "Evald, tupanue au tubadilishe?" naye akasema, "Usiniharakishe," na akafariki jioni hiyo, Ijumaa tarehe 15 Septemba 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wafanyakazi wenzake wa kitengo cha upimaji waliobeba jeneza leo bila kuliyumbisha, na majirani, hasa Göte, ambaye katika wiki hizi baba alipokuwa akingoja kuzikwa alileta injini ya gari la zamani la kusambazia mikate, na mama alipomwambia ile iliyo juu ya benchi aipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, alisita akasema, "Shemeji, hii ina namba za asili," naye mama akamjibu, "Namba hazikunifikisha Ystad."

Baba, lala unono, hakuna atakayekuharakisha tena: tumebadilisha, mama ndiye aliyeamua, Göte ndiye aliyeifunga, na tukimaliza kahawa hii mimi nitashika usukani nimpeleke mama kwenye kaburi la dada yake, ambalo hataliona.