Mchele Gramu Mia Tatu: Kumuaga Mama Mizani

Baada ya miaka thelathini na mmoja, Ijumaa hii tarehe 28, muuguzi mkuu wa kliniki ya upasuaji wa matiti anakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu. Wafanyakazi humwita Mama Mizani, na wagonjwa nao wamelishika jina hilo. Matroni ameniomba mimi, mwanafunzi wa sekondari, niandike wasifu huu kwa sababu mama yangu ndiye mgonjwa wake wa mwisho, na kwa miezi mitano benchi la kliniki limekuwa dawati langu. Mama atapasuliwa Jumatatu. Nikichanganya habari zake na zetu, naomba mnivumilie.

Mama Mizani alianza wodini, akibadilisha bandeji. Baadaye alihamishiwa chumba namba nne, chenye dirisha moja linalotazama kamba za mashuka. Humo huingia wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, waamue kama watawekewa kipandikizi au watabaki hivyo walivyo. Mezani pana vipandikizi viwili vya mfano, kimoja cha jeli ya silikoni na kingine cha maji ya chumvi, pamoja na mizani ya jikoni iliyochubuka rangi. Kila anayeingia huvishika kwanza. Kisha hupimiwa mchele ndani ya soksi mpya, auvae kwenye sindiria siku saba, apige deki, afue, ainame, ndipo aseme kama mzigo huo anauweza.

Huondoka pia na maswali matatu. Kitadumu miaka mingapi? Kikipasuka, nitajuaje? Na gharama ya kukibadilisha nitailipaje?

Mama alipimiwa gramu mia tatu. Siku ya nne nilirudi shuleni na njaa, nikakuta soksi yenye mchele juu ya meza ya jikoni. Nikadhani ni akiba ya mama mdogo, maana yeye huhifadhi vitu popote. Nikaupika. Mama alipotoka kuoga wali ulikuwa umeshaiva, na mama mdogo akacheka mpaka akashika ukuta: "Dada, mwanao amekupika!" Mama naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alipokatwa. Kesho yake tulikwenda kuungama chumba namba nne. Mama Mizani aliuliza tu, "Mlishiba?" Akapima mwingine, akasema siku zianze upya.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Siku saba mpya zilikuwa zinaisha Alhamisi, siku moja tu kabla hajastaafu.

Wenzake wanasema kazi yake kubwa aliifanya mwaka ule lilipokuja onyo kuhusu vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza, kwamba kwa wachache vimehusishwa na saratani adimu ya tezi za limfu. Alifukua mafaili, akawatafuta wanawake arobaini na mmoja, mmoja mmoja, hata waliokuwa wamehama. Hakumwambia yeyote akimbilie kukitoa. Aliwaeleza dalili za kuangalia, hasa uvimbe, na akawapangia siku ya kuonwa na daktari.

Nyumbani sisi tulibishana. Mama mdogo alipenda jeli kwa kuwa ni laini, inafanana na mwili. Lakini jeli inaweza kupasuka kimyakimya, na kujua ni mpaka upigwe picha maalumu kila baada ya miaka kadhaa, nayo ina gharama yake. Cha maji kikipasuka hunywea, hata mtoto ataona, ila kinaweza kufanya mikunjo. Na hakuna hata kimoja kinachodumu maisha yote. Nilipolisikia hilo nilihesabu umri wangu wa wakati huo, mama atakapolazimika kupasuliwa tena.

Tuliporudi chumba namba nne, mama alimsihi Mama Mizani, "Sista, ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi, ningelala na kidonda changu," alijibu. "Wewe utalala na chako. Kwa hiyo chagua mwenyewe, na mimi nitakusikiliza hadi mwisho."

Akasikiliza kweli. Jana mama alizungumza karibu saa nzima, kisha akatia saini: cha maji ya chumvi, ganda laini. Alisema anataka kikiharibika akione kwa macho yake, asilale akijiuliza. Mimi bado naogopa, na sijui kama amechagua vizuri. Najua tu kwamba amechagua akijua.

Mama Mizani, asante kwa miaka yako yote, na kwa kutotuharakisha. Umetuahidi kuja Jumatatu, ingawa hutakuwa tena na sare wala ufunguo. Basi kwa mara ya kwanza mlinzi atakuzuia getini mpaka saa ya kuona wagonjwa, kama sisi. Nitakuwa hapo. Nimekuwekea nafasi kwenye benchi. Pumziko lako liwe jema na refu, lakini tafadhali, lianze Jumanne.