Jacklyne Hakukosa Darasa

Ukishuka Adams Arcade ukaiacha barabara ya Ngong nyuma yako, utakuta benchi la Lornah, muuza kahawa. Hapo swali halikosi jibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo. Kila asubuhi yupo Dalmas, fundi wa viatu, aitwaye Bishop kwa sababu aliwahi kufukuzwa kwaya. Yupo Joash, aitwaye Wakili kwa kubeba mafaili mahakamani miaka minane. Na katikati yao hukaa Profesa Obuya, aliyefundisha uhandisi mpaka akastaafu, mwenye jivuno moja tu: kwamba hajawahi kusahau sura ya mwanafunzi wake, hata akikutana naye sokoni Kawangware amebeba sukuma wiki.

Jumatano hiyo alikuja na bahasha. Jumamosi chuo kingemfanyia sherehe, naye ameombwa asimulie habari za wanafunzi wake waliong'ara. Ndani mlikuwa na karatasi za mahudhurio, zile zinazozungushwa darasani kila mtu atie sahihi. Alianza kwa raha: Awuor wa tisini na nne, ambaye madaraja yake yamevuka mito mitatu, Rohan wa tisini na tisa, bingwa wa mabwawa, Rachael wa elfu mbili na saba, anayejenga maghorofa Kilimani na humpigia simu kila Krismasi. Kisha akazirudia karatasi zote tatu kuanzia juu.

— Kuna nini, Prof? Bishop akauliza.

— Hapa juu ya Awuor kuna Jacklyne Nekesa. Juu ya Rohan, Jacklyne Nekesa. Juu ya Rachael, huyo huyo. Na sahihi ni moja.

Wakili akazigeuza karatasi akitafuta muhuri.

— Hiyo kesi ni rahisi. Huyo dem alikuwa ana-repeat. Haba na haba hujaza kibaba.

— Miaka kumi na tatu, Wakili?

— Basi mabeste walikuwa wanamsainia, Bishop akasema. Yeye ako kwao amelala, huku ako present. Mimi pia nilikuwa nafanyiwa hivyo kwaya, ndio wakanitoa.

Profesa akawakumbusha kwamba marafiki wa tisini na nne hawakuwapo elfu mbili na saba. Lornah, akimimina kahawa, akasema kwao jina likiitikiwa na asiyeonekana, haliitwi tena. Bishop akapanda juu zaidi: kiti cha Jacklyne kilikuwa na mwenyewe asiye mtu, na kila aliyepokea karatasi kutoka mkononi mwake alipewa na akili. Ndiyo sababu wote watatu wamekuwa watu wakubwa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Wakili akamalizia.

Profesa aliogopa, kwa sababu alikuwa amekumbuka jambo. Mwisho wa mwaka ule wa tisini na nne alisoma mbele ya darasa jina la mwanafunzi ambaye hakukosa hata siku moja. Lilikuwa jina hilo. Walipiga makofi wakiangalia chini, hakuna aliyesimama, naye akaendelea na somo bila kuinua macho.

Hapo ndipo mwanamke wa miaka thelathini hivi, koti limelowa manyunyu, alipofika akauliza Profesa Obuya ni yupi.

— Ni mimi, mama. Sura yako si ngeni. Nilikufundisha mwaka gani?

Hivyo ndivyo alivyomwambia kila mtu.

— Hukunifundisha, Prof. Ulimfundisha dada yangu. Mimi ni Jacklyne Nekesa, nilipewa jina lake.

Akaeleza akiwa amesimama. Dada yake alifia nyumbani Kimilili, kwa malaria, Oktoba ya tisini na nne, muhula ukiwa wiki ya tatu. Yeye alizaliwa mwaka uliofuata, akaitwa jina la marehemu ili marehemu apumzike. Picha moja ya dada iliyokuwapo ilizikwa naye. Mwezi uliopita walimzika mama yao, na ndani ya sanduku lake akapata barua ya chuo, yenye sahihi ya Profesa, ikisema Jacklyne hakukosa darasa.

Karatasi ya juu pale benchini ilikuwa ya tarehe kumi na saba Novemba, mwaka huo huo wa tisini na nne. Bishop akaifunika kwa kiganja.

— Mama alikuwa akisema tumefanana kabisa, na sasa hakuna mwingine wa kuuliza. Wewe ulikuwa unamwona kila siku, Prof. Ni kweli tumefanana?

Profesa akamtazama. Alilirudia darasa lile safu kwa safu, akamwona Awuor na sweta yake ya buluu, na kando ya Awuor hakuona mtu. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, lakini mdomo ulikataa. Wakili na Bishop, waliokuwa na majibu tangu asubuhi, walichungulia vikombe vyao. Lornah aliinamisha chupa, ikatoa machicha tu.

Mwanamke akadhani mzee anakumbuka. Akaikunja barua, akaketi kando yake, akangoja.