Shangazi Testa Anatuaga: Fundi wa Taa Zinazokonyeza

Wapendwa wenzangu wa karakana, wa dukani na wa matawini, salamu nyingi ziwafikie. Hamjambo? Watoto hawajambo? Na wale waliokuwa wamelazwa na mafua, wameshaamka? Sisi huku stoo tu wazima kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ila mwezi huu nyuso zimepoa kidogo. Sababu mnaijua.

Tarehe thelathini, fundi mkuu wetu wa umeme wa majumbani, ambaye wote tunamwita Shangazi Testa, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike wasifu wake. Mimi ni mtunza stoo, kalamu yangu imezoea kuandika "boksi mbili, zimetoka". Nitakapokosea, nisahihisheni kwa upole.

Alianzia benchi la kusuka mota za feni, kazi inayotaka vidole na subira. Baadaye akapelekwa majumbani kwa wateja. Jina lake limetokana na ile bisibisi ya testa, ya kupimia umeme, anayoichomeka kwenye nywele kama kibanio. Huisahau humo. Alikwenda nayo harusini, akakaa meza ya mbele na gauni la hariri, testa imesimama kichwani, na hakuna aliyethubutu kumwambia. La ushangazi nalo lilianza kwa vijana, likapanda mpaka kwa meneja, ambaye kwa umri ni kaka yake.

Tutamkumbuka zaidi kwa zile swichi. Swichi za zamani zilikuwa hazina maneno: tak, imewaka, tak, imezima. Zikaja hizi za kielektroniki, za kugusa, za kupunguza mwanga, za kujizima zenyewe. Wakati huohuo zikaja balbu na feni ndogo zinazokula umeme kiduchu. Kila kimoja peke yake ni kizuri. Vikikutana nyumba moja, ni ugomvi wa mawifi. Feni ya bafuni ikawa inaanza na kuacha kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya fundi cherehani ikagoma kuzimika kabisa, ikawa imebaki na mwanga hafifu kama kaa la moto lililosahauliwa.

Shangazi alitueleza kwa lugha ya jikoni. Swichi ya kielektroniki, alisema, ni mpishi: lazima aonje. Hata ikiwa imezima inahitaji tone la umeme la kujiendesha. Kwenye nyumba nyingi za zamani waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, haukufikishwa kwenye swichi, kwa hiyo tone hilo hupitia kwenye taa yenyewe. Ukionja kijiko kimoja kwenye sufuria ya watu hamsini, nani atajua? Onja kwenye kikombe cha mtoto uone kelele zake. Balbu kubwa ya zamani ilikuwa sufuria. Hizi ndogo ni vikombe.

Sasa niwasimulie la yule mama, maana nilikuwepo. Msaidizi wa Shangazi alikuwa mgonjwa, nikaenda mimi kushika ngazi.

Mama huyo mjane alikuwa akiishi na mwanawe wa kwanza na mkazamwana wake, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, ambayo swichi zake zilikuwa zimebadilishwa kuwa za kugusa. Alikuwa ameita mafundi wetu mara mbili. Malalamiko yake yalikuwa neno moja: taa ya chumbani inamkonyeza. Mafundi walikwenda mchana, madirisha wazi, jua limejaa chumba, wakaona taa imezima vizuri. Ili kumridhisha wakamwekea balbu mpya inayokula umeme kidogo zaidi. Wakarudi, wakasema kaunta: mteja anaona vitu.

Maneno husafiri, ndugu zangu. Mwana naye alikuwa ameanza kuhesabu dalili. Mama kasahau birika, mama kaita mjukuu kwa jina la mwingine, na sasa mama anakonyezwa na taa. Akaamua kumhamishia kwa dada wa huyo mama, mji mwingine, akalale chumba kimoja na mtu wa kumwangalia. Siku tuliyofika, sanduku la nguo lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni.

"Fundi, usimtie moyo," mwana alitunong'oneza barazani. "Ukimwambia ndiyo, hatapanda gari."

Shangazi akampita, akaenda kuketi kitandani karibu na mama. "Hebu niambie, mama. Inakukonyezaje?"

"Nikizima inafunga jicho," mama akasema. "Halafu inafungua kidogo, inafunga. Kama mtu anayejifanya amelala."

"Inakaa muda gani kabla ya kufungua tena?"

"Kama wa kusema Bismillahi, polepole."

Nilimwona Shangazi akitabasamu. Kumbe alikuwa ameshapata jibu. Baadaye aliniambia kwamba mtu anayeona vitu hubadilisha hadithi. Mama huyu alikuwa anapima. Na kukonyeza si kuwaka wala si kuzimika. Ni kitu kinachojaa kidogokidogo, kikimwagika, kinaanza upya. Hivyo ndivyo balbu ndogo inavyolipokea lile tone la swichi.

Akasema, "Fungeni mlango. Vuteni mapazia." Mkazamwana akaleta na blanketi, tukaziba dirisha. Swichi ikazimwa. Tukasimama watano gizani, mimi nimekumbatia ngazi.

"Mimi sioni kitu," mwana akasema.

"Ngoja, baba," mama akamjibu.

Ikakonyeza.

Ikakonyeza tena. Mkazamwana akaangua kicheko gizani: "Haya, na sisi wote tufungeni masanduku!"

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Shangazi alizima umeme wa nyumba nzima, akapanda ngazi, akaunga kapasita, kifaa kidogo kama kiberiti, sambamba na taa, ili lile tone lipite humo na kuiacha balbu ilale. Tukavuta mapazia tena, tukangoja. Giza likabaki giza.

Mwana alilichukua sanduku mlangoni bila kuambiwa, akalirudisha chini ya kitanda. Alichelewa kuinuka. Na mama alimshika Shangazi mkono, akasema, "Taa ningeizoea, mwanangu. Nilitaka mtu mmoja tu aione."

Tangu hapo Shangazi aliomba akae meza ya malalamiko kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na akaweka sharti ambalo sasa ni desturi yetu: neno la mteja halibadilishwi. Akisema swichi inakohoa, unaandika "inakohoa". Akisema taa imenuna, imenuna. Mafundi tulionao leo, karibu wote aliwafundisha hivyo, nao wanawafundisha wengine.

Shangazi, asante. Asante kwa subira, kwa kicheko, na kwa kutosema kamwe mteja ni mjinga. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiochezea soketi. Siku zako zijazo ziwe za heri.

Nanyi wenzangu, nawaomba mnijibu mapema, nijue nani atakuja siku ya kuagana, na nani yuko tayari kuikalia ile meza ya malalamiko. Msichelewe. Asubuhi hii nimepokea simu mimi mwenyewe. Mzee mmoja anasema swichi ya sebuleni inamnong'oneza, na nyumbani wanamcheka. Nimeandika "inanong'oneza". Anangoja mtu wa kwenda kuisikiliza.