Kesi ya Verlene na Majimbo Matatu

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu Verlene lilikuwa kukwangua mkate ulioungua juu ya sinki, akisema nisimngoje kwa chakula cha jioni, ana kipindi maktaba. Moyo wake ulisimama kwenye ngazi za maktaba. Hiyo ilikuwa Februari. Aprili, chuo cha Kentucky alichokuwa akisomea ualimu kwa mtandao kikamwandikia kwamba amefutwa kwa kutohudhuria.

Nikaipeleka hasira yangu kijiweni. Benchi letu liko mbele ya kinyozi, Bristol, upande wa jimbo la Tennessee. Mpaka unapita katikati ya barabara. Ng'ambo ni Virginia. Huku tunalala, maana jimbo halikati kodi kwenye mshahara; kule tunanunua mahitaji, maana kodi ya dukani ni ndogo. Anayeleta chupa ya kahawa ni Shemasi, ambaye hajakanyaga kanisani tangu afunge ndoa. Anayeimaliza ni Jaji, aliyewahi kuitwa mara moja kuwa mzee wa baraza mahakamani. Mimi wananiita Profesa.

Niliwaeleza kwamba majimbo yana mkataba: chuo kikikubaliwa na jimbo lake, kinasajili wanafunzi wa majimbo mengine bila kupiga hodi kila mlango.

— Basi washtakie hapa Tennessee, alisema Jaji. Kesi hulala anapolala mwenye nayo.

— Alisomea wapi? Maktaba iko Virginia, alisema Shemasi. Mkataa kwao ni mtumwa.

— Methali hiyo inaingiaje hapa, we mzee?

— Inahusu mipaka.

Jaji akaenda mbali zaidi. Kwa hesabu zake, kila somo lililopita hewani juu ya barabara hii liliingia Tennessee bila ruhusa, kwa hiyo magavana watatu waitwe wasimame kwenye mstari wajieleze. Shemasi akahofia magavana watakanyaga huku na huku, na kesi itapasuliwa kama tikiti maji.

Niliwaambia mkataba hauna fumbo. Malalamiko huanzia chuoni. Usiporidhika, unakwenda kwa jimbo la chuo. Kentucky. Jibu hilo liliwaudhi wote wawili, kwa kuwa Kentucky haionekani kutoka benchini.

Mama mmoja mgeni alikuwa amekaa pembeni, kofia ya mumewe mapajani, akimngoja amalize kunyolewa.

— Samahani, baba, aliniambia. Kwani hao wa chuo wanajua kama amefariki?

Jaji akatazama ndani ya kikombe chake. Shemasi akaiinamisha chupa. Halikutoka hata tone.

Mchungaji ndiye aliyetangaza kanisani, shemeji yangu ndiye aliyeandika tanzia. Watu walipokuja nyumbani walikuwa wanajua tayari. Mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Asubuhi iliyofuata nilivuka barabara, nikaketi kwenye ngazi za maktaba, nikapiga simu Kentucky. Nilimwambia dada aliyepokea kwamba mke wangu hakuacha masomo. Amefariki, na nataka kumbukumbu zenu ziseme hivyo. Akanipa pole, akaniomba jina kamili.

Verlene Stallard, nikasema, na nikamtajia herufi moja moja, bila haraka.