Alitutunzia Giza: Don Nibaldo Pastén Anastaafu

Don Nibaldo Pastén anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga mapazia ya mlima huu wa darubini. Kwenye karatasi kazi yake inaitwa uangalizi wa majengo. Sisi wa jikoni tunaiita giza.

Jua likielekea baharini, huanza na bweni la kwanza, dirisha kwa dirisha, ili taa zetu zisichafue anga la darubini. Hajawahi kumfokea mtu. Mkurugenzi mmoja mgeni alipopanda huku taa za gari zinawaka, don Nibaldo alivua poncho lake, vazi zito la kujitanda mabegani, akazifunika, akasimama hapo hapo. Mkurugenzi akauliza anafanya nini.

"Nakusubiri uzime, bosi. Poncho ni la sufu, haliungui haraka."

Taa zilizimwa.

Mimi nilipokuwa mgeni, wiki za zamu nikimwacha binti yangu Amparo bondeni kwa mama yangu, nilikuwa nasimama varandani kutazama picha zake kwenye simu. Don Nibaldo akapita. "Mama Amparo, mtoto wako anang'aa mpaka huko bondeni. Sogea naye ndani." Kisha akakaa, akaziangalia zote.

Miaka ya karibuni giza lake lilikuwa na mwenyewe. Daktari Fresia Maturana, mwanafalaki wetu, anafuatilia nyota mbili zinazozungukana. Anaamini mojawapo ina sayari, tena iko pazuri, si pa kuungua wala kuganda, mahali ambapo maji yanaweza kubaki maji. Wenzake walisema hakuna sayari, ni nyota jirani tu inamchanganya. Zilibaki zamu chache za darubini, na mawingu yakala karibu zote. Don Nibaldo alitaka kujua kabla hajashuka mlimani: ipo au haipo?

"Jua moja likitua huko, lingine linabaki?" alimuuliza siku moja kwenye chai.

"Nusu ya mwaka wake, ndiyo. Usiku wa kweli haupo."

"Basi huko ningekula mshahara wa bure."

Jioni ya zamu ya mwisho ya Daktari anga likawa safi. Ndiyo jioni tuliyochagua, kwa akili zetu, kumfanyia don Nibaldo sherehe ya kumshtukiza, tukatundika taa za rangi barazani. Mgeni rasmi alifika, akafuata waya mpaka ukutani, akachomoa.

"Nani kafanya ushamba huu, na Daktari yuko kazini?"

Tukamwambia ni sherehe yake.

"Asanteni sana. Iingizeni ndani."

Tulikula keki nyuma ya mapazia. Aliyelalamika ni mpiga picha peke yake, aliyetaka machweo nyuma yetu.

Siku chache baadaye Daktari aliingia jikoni wakati wa chai, ametoka usingizini, miguuni soksi tu. "Ipo, don Nibaldo."

Don Nibaldo aliweka chini mkate wake wa parachichi. "Vizuri," akasema. Akajifuta macho kwa kitambaa changu cha sahani, akaondoka, maana jua lilikuwa linashuka.

Amparo akikua nitamwambia kuna mahali mbali penye majua mawili, na huenda pana maji, na kwamba mmoja wa waliosaidia paonekane ndiye aliyezipitia picha zake zote bila haraka.

Mke wa don Nibaldo, doña Ercilia, anasema hata nyumbani kwao mjini Vicuña mapazia hufungwa mapema, na yeye hajaona machweo dirishani kwake tangu waoane. Don Nibaldo, asante kwa giza. Tunakutakia jioni ndefu zenye afya, na tunakuomba, kwa ajili ya doña Ercilia, dirisha moja uliache wazi.